Chefe na kiongozi

Diaca, wilayani Mocímboa da Praia nchini Msumbiji, mkuu wa tarafa huitwa kwa Kireno chefe do posto. Enzi za ukoloni ndiye aliyesimamia kodi na shokoa; uhuru ulipokuja 1975, cheo kikabaki. Siku hizi hata msimamizi wa ghala huitwa chefe.

Kiswahili nacho kina neno kiongozi, kutoka kuongoza, nduguye kuongoka: kunyooka, kushika njia. Kwa mantiki hiyo, anayedai wenzake wawahi kazini awe keshafika, na aliyekosea aombe radhi mbele ya aliowafokea. Hili la pili ndilo gumu. Mabosi wengi hulikwepa kwa kununua soda. Neno bosi lenyewe limetoka Kiingereza, nacho kililitoa kwa Kiholanzi: baas, yaani bwana.