Mmonaki aliyekatazwa kuandika kuhusu vita

Wadau, Thomas Merton mnamfahamu? Ikitajwa amani na Marekani ya miaka ya 60 wengi tunamkumbuka Martin Luther King na maandamano ya Vietnam, basi. Huyu hakuandamana. Alikuwa mmonaki wa Kitrapisti, watu wa sala na ukimya, huko Gethsemani, Kentucky. Aliingia monasterini Desemba 10, 1941, siku tatu baada ya Pearl Harbor kushambuliwa. Mdogo wake wa pekee alikufa vitani mwaka 1943.

Kitabu alichoandika juu ya maisha yake mwaka 1948 kilimpa jina kubwa. Kwa hiyo Oktoba 1961, alipoandika juu ya vita katika Catholic Worker, gazeti la Dorothy Day, Wakatoliki wengi walishtuka. Mtawa na mabomu ya nyuklia wapi na wapi? Aprili 1962 Abati Mkuu wa shirika lao akampiga marufuku kuchapisha mambo hayo. Kitabu kizima alichokwisha kukiandika kikakwama, kikaja kuchapishwa 2004, yeye keshakufa zamani!

Sasa hapa ndipo penye utamu. Jamaa alitii. Lakini barua si kitabu, au vipi? Barua zake 111 alizoziandika kati ya Oktoba 1961 na Oktoba 1962 zilidurufiwa na kupita mkono kwa mkono. Halafu 1963 Papa Yohane XXIII akatoa waraka wa amani, Pacem in Terris. Merton akamtania Abati Mkuu kwamba afadhali Papa hakulazimika kupitia kwa wakaguzi wa Watrapisti.

Wapo watakaosema kutii kule ni woga. Mimi sikubali. Angetoka monasterini angekuwa mwanaharakati mwingine tu, rahisi kupuuzwa. Alibaki, na Novemba 1964 wanaharakati wakamfuata hukohuko Gethsemani kutafakari mizizi ya kiroho ya upinzani wao. Kati yao walikuwamo mapadre ndugu wawili, Daniel na Philip Berrigan. Mei 1968 hao Berrigan na wenzao saba walichoma moto mafaili ya vijana wa kupelekwa jeshini, Catonsville, Maryland. Merton, rafiki yao, aliona kitendo kile kinakaribia kuwa fujo, na aliandika hivyo.

Alifia karibu na Bangkok Desemba 10, 1968, miaka 27 kamili tangu aingie utawani. Mwili wake ulirudishwa Marekani kwa ndege ya jeshi, pamoja na maiti za askari waliouawa Vietnam.