Habari Iliyotolewa kwa Kipigo

Sisi wa pwani tukitajiwa ugaidi, fikira zetu hukimbilia bomu la Dar es Salaam la tarehe 7 Agosti 1998. Lakini ukitaka kujua vipi walinzi wa nchi hujifunza, na wapi huteleza, twende kwanza Usukumani, miaka zaidi ya ishirini kabla ya hapo.

Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza, na hofu ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa panga la usiku. Vikongwe wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na dalili yenyewe mara nyingi ni macho mekundu. Subhana-Llah! Bibi aliyepika kwa moshi maisha yake yote atakuwa na macho gani?

Muuaji hakujulikana, na jirani alinyamaza. Basi mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama wakawakusanya watu, wakawatesa ili waseme. Baadhi yao walifia kizuizini. Na mwenye kuteswa husema linalotakiwa, si analolijua. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6 yatuamrisha kuhakikisha habari ya fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga; sembuse habari iliyokamuliwa kwa fimbo?

Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu. Fimbo hakuishika yeye. Hata hivyo, Januari 1977 alijiuzulu, kwani waliotenda walikuwa chini yake. Mwaka 1985 akawa Rais.

Vikongwe waliendelea kuuawa. Tena baada ya vita vya Kagera silaha zilienea, na wezi wa ng'ombe wakaja na bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wakaunda sungusungu: yowe likipigwa, kijiji hupokea kwa kijiji, mwizi hana njia. Jirani aliyekuwa kimya sasa alisema, bila kuguswa. Serikali ikawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Lakini haukupita muda nao wakaanza kupiga watuhumiwa na kuwafukuza vikongwe wale wale.

Ilipokuja sheria ya kuzuia ugaidi, mwaka 2002, Waislamu wengi waliipinga, wakichelea mtu kushikwa kwa dhana tu. Kisha mwaka 2006 Said Mwema alishika Jeshi la Polisi, akahimiza polisi jamii: askari aende kwa wananchi, apewe habari kwa hiari. Wazee wa Shinyanga hawakuhitaji kuelezwa maana yake.