Siku Sita za Kisangani: Mji Ulikuwa wa Nani?



Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huu wetu wa Lukuga, hapa Kalemie. Yakitoka hapa hushuka hadi Lualaba, kisha huelekea kaskazini mpaka kwenye maporomoko ya Wagenia, mjini Kisangani. Kwa hiyo tukiwasimulia leo habari za Kisangani hatuwapeleki ugenini. Ni habari za jamaa zetu wa mto mmoja.

Vitabu vya historia hupenda kusimulia vita kwa majina ya majemadari na tarehe za mapatano. Hayo ni ya lazima, nasi tutayataja. Lakini tunataka mtazame pia ndani ya ua, kwenye chungu na kwenye bidoni la maji, kwa maana huko ndiko watu wengi walikoishi vita.

Kisangani, uliokuwa ukiitwa Stanleyville, ni mji uliozaliwa na mto. Meli zikitoka Kinshasa hupanda mto kiasi cha kilometa 1,700, na hapo Kisangani hukomea, kwa sababu maporomoko huzizuia. Chumvi, sabuni, vitambaa, dawa, vyote vilizoea kufika kwa njia hiyo. Tarehe 23 Agosti 1998 mji uliangukia mikononi mwa waasi waliosaidiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda. Serikali ilibaki upande wa chini wa mto, na njia ya meli ikakatika. Mji mkubwa ukawa kama mtumbwi uliofungwa ufukoni. Bidhaa zikaja kwa ndege, na bei yake ikawashinda wengi. Mafuta ya magari yakawa adimu, ndipo baiskeli ikawa gari la mji. Vijana wa rika lenu walibeba abiria na mizigo yao kwenye kiti cha nyuma, na baiskeli hizo zikaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya «tupite».

Waliokuwa wameuteka mji pamoja hawakukaa pamoja. Mwaka 1999 chama cha waasi, RCD, kiligawanyika: upande mmoja ulitegemea Rwanda, mwingine ukategemea Uganda. Kisangani ukawa mji wenye mabwana wawili, na pembeni yake kulikuwa na almasi iliyotamaniwa na wote. Walipigana humo Agosti 1999. Wakapigana tena Mei 2000. Walipatana kuondoa majeshi yao mjini, lakini kabla mapatano hayajatimizwa, Jumatatu tarehe 5 Juni 2000, mizinga ililia upya. Haikunyamaza mpaka tarehe 10, mkesha wa Pentekoste.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotumwa baadaye kuchunguza uliandika hivi: raia zaidi ya 760 waliuawa, na wapatao 1,700 walijeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika au kubomoka. Shule 69 zilipigwa mabomu. Kanisa kuu na vituo vya matibabu navyo viliharibika. Watu 65,000 walikimbilia misituni. Sisi tuliofundishwa kazi ya ualimu husimama kwanza kwenye ile hesabu ya shule. Juni ni mwezi wa wanafunzi kurudia masomo, mwaka wa shule ukielekea mwisho. Ni madaftari mangapi yalibaki chini ya vifusi?

Sasa tazameni maisha yenyewe. Mji ulikosa umeme, na umeme ulipokosekana, maji ya bomba nayo yakakauka. Mtu anaweza kuishi siku sita kwa chakula kidogo, lakini bila maji hawezi. Basi kila nyumba ilikuwa na swali lile lile: nani atoke, na atoke saa ngapi? Watu walijifunza kusikiliza. Mizinga ikitulia kidogo, mmoja alishika bidoni na kwenda kwenye kisima au mtoni, naye hakuwa na hakika ya kurudi. Watu walilala sakafuni, mbali na madirisha. Katika mtaa wa Tshopo, ulio kati ya katikati ya mji na daraja lililogombaniwa na majeshi, hapakuwa na ukuta wa kutegemewa. Na aliyekufa hakuweza kupelekwa makaburini. Wengine walizikwa katika ua wa nyumba zao, na wazazi wakaendelea kupika hatua chache tu kutoka kaburini.

Hapo ndipo tunapowauliza: mji huo ulikuwa wa nani? Majeshi yote mawili yalitoka nje ya nchi, na kila moja lilitaka kuonyesha kwamba Kisangani ni wake. Lakini mwenye mji ni yule anayeufanya uendelee kuishi. Aliyeteka maji kati ya bomu na bomu akamgawia jirani kikombe alikuwa mwenye mji. Aliyemzika mtu asiye wa ukoo wake alikuwa mwenye mji. Wenye bunduki waliupigania mji kwa siku sita. Wasio na bunduki waliubeba mgongoni siku hizo sita, na miaka iliyofuata pia.

Haki ilikuja kwa mwendo wa kinyonga. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama lilitoa azimio namba 1304, likidai majeshi hayo yaondoke. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, huko The Hague, iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa katika nchi yetu. Mwaka 2022 ikaamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara yote ya vita hiyo. Kuhusu Rwanda, mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza shitaka. Fidia ni jambo la haki, tena wengi wa waliostahili kuipata walikwisha kufa kabla ya hukumu. Lakini hakuna mahakama itakayomrudishia mtu yale maji aliyoyaendea akafia njiani.

Kwa nini tunawaambia haya, ninyi ambao wengi wenu hamkuwa mmezaliwa? Kwa sababu kumbukumbu ni kama moto: hupika chakula, na huchoma nyumba. Tunasikia baadhi yenu wakisimulia vita ili kulitukana kabila zima au taifa zima. Jeshi lilipiga mizinga kwa amri ya wakubwa wake, na wakubwa hao ndio wa kujibu. Mtoto wa jirani mwenye jina tofauti na lako hakutoa amri yoyote. Mkoa wetu umekwisha kuonja uchungu huo: tangu mwaka 2013 Watwa na Waluba waliumizana, vijiji vikachomwa, na maelfu ya watu wakaja kukaa kambini hapa Kalemie. Kalemie nao ulikuwa chini ya waasi kuanzia mwaka 1998. Hatuna haki ya kujifanya watazamaji.

Basi, kabla ya mkutano wenu ujao, kila mmoja amwendee mzee mmoja, mwenyeji au mkimbizi, wa kabila lake au wa kabila jingine. Msimwulize kwanza nani alikuwa adui. Mwulizeni: wakati wa vita mlikunywa maji ya wapi? Mlikula nini? Nani aliwafungulia mlango? Andikeni majibu katika daftari, pamoja na mwaka na mahali. Mtakapoyasoma pamoja, hesabuni ni mara ngapi aliyefungua mlango alikuwa mtu wa kabila jingine.