Mganda, ngoma iliyolisha wageni

Anayeshuka Mbamba Bay leo akiuliza pa kula ataletewa mbasa wa kukaanga au usipa kwa ugali wa muhogo. Akiulizia muziki, ataelekezwa baa yenye spika kubwa. Lakini mwambao huu wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, ulijua kusafiri kwa ajili ya sahani na muziki wa kupigwa mbele ya macho tangu zamani, kabla umeme haujafika. Jina la ngoma hiyo ni mganda.

Asili yake ni beni, ngoma iliyozuka pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana wakiiga bendi za kijeshi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoisambaza bara, na Ziwa Nyasa liliionja vita hiyo mapema: Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen, ndiyo Liuli ya leo. Inasimuliwa kuwa manahodha wa meli hizo mbili, Rhoades na Berndt, walikuwa wamezoea kunywa pamoja. Vita ilipokwisha, askari na wapagazi walirudi makwao na gwaride kichwani.

Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo, wakageukia kibuyu. Hukatwa na kutobolewa, kisha tundu moja huzibwa kwa utando wa buibui. Mchezaji hapulizi, huimba ndani yake, na utando ukitetema sauti hutoka nzito, yenye mkwaruzo, kama ya bendi iliyo mbali. Nyuma ya wachezaji inapigwa ngoma kubwa. Wanaume hujipanga foleni, kaptula nyeupe, soksi ndefu, wengine na tai, wakipiga hatua fupi za pamoja. Ng'ambo, Malawi, wengi huiita malipenga. Kila kikundi, au boma, kilikuwa na vyeo vyake, kuanzia mfalme na kapteni hadi daktari. Kwa watu waliobebeshwa mizigo ya wakubwa, naona kulikuwa na utani mwingi katika vyeo hivyo kuliko utii.

Boma la kijiji kimoja lilialika la kijiji kingine, kiangazi, mavuno yakiwa ghalani. Wageni walifika kwa miguu au kwa mtumbwi, wakapewa pa kulala, wakachinjiwa, wakala, wakacheza kwa kushindana mbele ya kijiji kizima. Hakukuwa na bili. Kulikuwa na deni: waliolishwa walipaswa kualika nao, na kulisha si chini ya walivyolishwa. Sifa ya boma ilipimwa uwanjani na jikoni pia. Waliopika ni wanawake, ambao wana ngoma yao wenyewe, kioda, nayo ina mistari na nidhamu ileile.

Mganda ulipanda pia milimani Mbinga, kwa Wamatengo wa kilimo cha ngoro na kahawa. Mwaka 2012 Nyasa ikamegwa kutoka Mbinga na kuwa wilaya, na kilomita 67 za kuteremka hadi Mbamba Bay sasa ni lami. Siku hizi mganda husikika zaidi kwenye sherehe za serikali na mapokezi ya viongozi, dakika chache kabla ya hotuba. Anayetaka kuusikia kwa kirefu aende kiangazi na aulizie vijijini, si hotelini. Akikaribishwa chakula, ajiandae kuulizwa kwao ni wapi, na boma lije lini.