Bi Jilfidan na Wenzake: Masuria wa Kasri la Mtoni



Msimu wa harusi ukifika, bibi harusi wetu wengi hupenda kupigwa picha kwenye magofu ya Mtoni na Maruhubi. Hina mpaka kiwikoni, dhahabu, udi, na bahari nyuma yao. Mashaallah, hupendeza. Ila kuta zile zina wenyewe. Waliishi humo wanawake wengi ambao hawakuposwa, hawakuulizwa ridhaa yao, wala hawakupewa mahari. Leo tuwazungumze hao: masuria.

Suria ni nani?

Suria ni kijakazi ambaye bwana wake amemweka ndani kama mke bila ya kumuoa. Hakuwa mke, kwa sababu hakufungiwa nikaha. Wala hakuwa kijakazi kama wengine, kwa sababu mtoto wake alizaliwa muungwana, akabeba jina la baba na kurithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Suria aliyezaa hakuuzwa tena, na bwana wake akifariki alitarajiwa kuwa huru.

Mambo haya hayakuwa ya Unguja tu. Hata Japani, Mfalme Taisho aliyezaliwa mwaka 1879 alikuwa mtoto wa suria, Yanagiwara Naruko, kwa sababu malkia hakujaaliwa mtoto. Lakini kule mtoto alihesabiwa rasmi kuwa wa malkia. Kwetu mtoto alibaki wa mamake, na kila mtu alijua katoka tumbo gani.

Nyumba ya Mtoni

Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Oman, Beit al-Mtoni, njia ya Bububu, ikawa kasri lake kubwa. Binti yake, Seyyida Salme, alizaliwa humo mwaka 1844, na baadaye akaandika kitabu cha maisha yake kilichochapwa Ujerumani mwaka 1886. Anasimulia kwamba watu kama 1,000 walikaa pale. Uani walitembea tausi, paa na mbuni, na mabafu yalikuwa na watu mchana kutwa. Mlisikika Kiarabu, Kituruki, Kiajemi, Kihabeshi na Kiswahili. Mbele ya Seyyid ndipo ilipolazimu Kiarabu.

Mwenye nyumba alikuwa Bibi Azza bint Seif, mke wa ndoa kutoka ukoo wa kifalme wa Oman. Alikuwa mfupi wa kimo, lakini kila mtu alimwogopa, na asubuhi wote walikwenda kumwamkia. Yeye hakujaaliwa mtoto. Seyyid Said alipofariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Oman, aliacha watoto 36, na wote walikuwa wa masuria. Salme anahesabu masuria 75.

Maisha yalikuwa na neema na yalikuwa na machungu. Walikuwa na nguo za hariri, vito na watumishi wao. Lakini suria, hata awe kipenzi vipi, hakukaa kula pamoja na Seyyid. Na palipo wengi wanaomngojea mtu mmoja, husuda haikosi. Wasirkasia, waliotoka milima ya Kaukazi, walijiona bora kuliko Wahabeshi, na uhasama ule ukashuka kwa watoto. Wenye macho ya rangi walitaniwa na ndugu zao kuwa ni paka.

Bi Jilfidan

Mama yake Salme alikuwa Msirkasia. Baba yake alikuwa mkulima. Vita vilipoingia kijijini kwao wazazi wake waliuawa, naye, dada yake na kaka yake wakachukuliwa, kila mmoja akaenda njia yake. Hakuwaona tena. Alifika mikononi mwa Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, meno ya utotoni ndiyo kwanza yanang'oka.

Tulitafakari hilo, dada zangu. Mtoto wa darasa la pili.

Alilelewa pamoja na mabinti wa Seyyid, akajifunza kudarizi na kusoma. Alipokuwa mkubwa akawekwa usuria. Alizaa mabinti wawili, mmoja akafa mchanga, akabaki na Salme. Binti yake hasemi kuwa mama alikuwa mzuri wa sura. Anasema alikuwa mrefu, mwenye nguvu, nywele zinafika magotini, na moyo wa huruma. Nyumbani kukiwa na mgonjwa, Bi Jilfidan ndiye aliyekwenda kukaa naye na kumsomea vitabu vya dini. Alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859.

Salme naye alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, maana wasichana walifundishwa kusoma tu. Kwa hati hiyo ndiyo tunamjua mamake leo.

Wasioandikwa

Wana wanne wa Seyyid Said walitawala Zanzibar: Majid, Barghash, Khalifa na Ali. Wote mama zao walikuwa masuria. Na usuria haukuwa wa kasri peke yake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe na mashamba zilikuwa na masuria waliotoka bara, upande wa Nyasa na Manyema. Hao hawakuwa na binti wa kuwaandikia kitabu.

Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Amri ya Seyyid Hamoud ya mwaka 1897 ilipowapa watumwa haki ya kudai uhuru, masuria waliachwa nje: walihesabiwa kama wake, wabaki walipo, labda mwenyewe aende mahakamani kushitaki ukatili. Ilibidi wangoje mpaka sheria ya mwaka 1909.

Kwa hivyo katika familia zetu nyingi yumo bibi ambaye jina lake halitajwi, au hutajwa kwa kunong'ona. Nasaba ya baba tunaihesabu mpaka Oman au Hadhramaut, tukifika kwa mama tunakohoa. Kwa nini? Aibu ni ya aliyemteka mtoto na kumuuza, si ya mtoto aliyetekwa. Bi Hajar, mama yake Nabii Ismail, alikuwa mjakazi, na mpaka leo mahujaji wafalme na maskini wanakimbia alipokimbia yeye, baina ya Safa na Marwa. Na Surat al-Balad imeweka kumwacha huru mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlima ya kuifikia kheri.

Bibi harusi wangu, siku kadhi au walii wako atakapokuuliza kama umeridhia, usilione swali lile kuwa ni desturi ya kupita tu. Mahari yako ni haki yako, na kauli yako ni sharti. Bi Jilfidan hakuulizwa.

Na wewe mwenye bibi mkubwa aliye hai, kaa naye, muulize mama wa mama yake aliitwa nani na alitoka wapi. Liandike jina hilo, na ukisoma Yasini ya marehemu wenu, mtaje.

Allah awarehemu wote. Amin.