Ujifunzaji Tendaji: Nani Atakayesema "Tega"?

Jioni ya kipindi cha tatu nilianza kwa kusema, "Kitendawili!" Nilikuwa chumbani kwangu Malindi, Unguja, nimefunga dirisha la upande wa bandarini ili honi za boti za Dar es Salaam zisiingie kwenye maiki. Ilikuwa kozi ya tafsiri, ya mtandaoni. Kiooni yalipangika majina 31: watu wa Mwanakwerekwe, wa Wete, wa Tanga, wawili wako Maskati. Hakuna aliyesema "tega". Maiki zote zilikuwa zimezimwa, na juu ya majina hayo programu ilikuwa imeandika neno moja: washiriki.

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Kushiriki, kwa asili yake, ni kuwa na fungu katika jambo. Washirika wa chombo hugawana faida, na chombo kikizama huzama na mali ya wote. Lakini semina na warsha zimelipunguza neno hili hadi mshiriki akawa ni yule aliyetia saini kwenye daftari na kungoja posho. Kozi za mtandaoni zimelipokea likiwa limeshapungua hivyo. Mtu akifungua kipindi kisha akaenda jikoni kukaanga maandazi, kompyuta itaandika kwamba ameshiriki saa nzima. Alichofanya ni kuhudhuria, tena kuhudhuria kwenyewe kwa jina tu. Mahudhurio yanahesabika. Fungu la mtu katika somo halionekani kwenye orodha ya majina.

Walimu wanaoandika kwa Kiingereza wana neno lao kwa kile wanachokitaka zaidi ya mahudhurio: akili ya mwanafunzi inase kwenye somo kama jino la gia linavyonasa kwenye jino jenzake. Wengi wetu tunalitafsiri kwa "ushiriki", tukadhani tumemaliza. Mimi naona neno letu lilikuwa majumbani siku zote. Mzazi wa Unguja akiitwa skuli kuambiwa habari za mwanawe, hasemi mtoto "hashiriki". Atasema, "Mwalimu, huyu hajishughulishi." Basi ni kujishughulisha. Nimeshaona wanaotaka kulifanya nomino ndefu yenye u- mwanzoni na -ji mwishoni, ulimi unakwama. Libaki kitenzi-jina, linatosha.

Istilahi kubwa zaidi, ile ya kichwa cha makala haya, inayobeba mbinu yote, ilienea vyuoni Marekani baada ya Charles Bonwell na James Eison kuitungia kitabu mwaka 1991. Kiini chake ni kwamba wanafunzi wafanye jambo na wakati huohuo wafikiri juu ya hilo wanalolifanya. Kwetu inatembea na tafsiri tatu.

Ya kwanza ni "ujifunzaji shirikishi". Walimu wa Bara wameizoea tangu mitaala ilipoelekezwa kwenye umahiri katikati ya miaka ya 2000. Ina kasoro ya kisarufi inayozaa kasoro ya darasani. Shirikishi inatokana na kushirikisha, kauli ya kutendesha, na katika kauli hiyo mtendeshaji ni mwalimu. Mwalimu anawashirikisha, asipowashirikisha, wanakaa. Ya pili ni "amilifu". Neno zuri, kamusi zinalitambua, lakini hapa Zanzibar tuna Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na amali masikioni mwetu ni useremala, ushoni na ufundi umeme. Mwambie mtu wa Darajani kwamba unaendesha ujifunzaji amilifu, atakuuliza unafundisha kuchomea vyuma au kupaka rangi.

Ya tatu, "tendaji", ndiyo ninayoitumia. Kila aliyesoma sarufi ya Kiswahili anajua kauli ya kutenda na ya kutendwa. Kusema tendaji ni kusema mwanafunzi si wa kutendwa. Na ile -ji ya mwisho ni ya mazoea, kama ilivyo katika msomaji na mchezaji: mtu hawi mchezaji kwa kupiga mpira mara moja.

Hata hivyo nikiitazama istilahi hii kwa utulivu, naona neno lake la kwanza lilikuwa limeshasema kila kitu. Kujifunza: ku-ji-funza. Mtu anajifunza mwenyewe, anakuwa mwalimu na mwanafunzi katika kitenzi kimoja. Mwari hufundwa na somo yake. Hapo mtendaji ni mwingine, na lugha inakiri hivyo kwa kauli ya kutendwa. Lakini hakuna anayeweza kujifunziwa na mtu mwingine. Waliosema asiyeuliza hanalo ajifunzalo walikuwa wameifunga dhana nzima kwa maneno matatu, bila kivumishi chochote. Kivumishi tunakihitaji leo kwa sababu tumezoea kuita kujifunza kile ambacho ni kusikiliza tu.

Mfano bora ninaoujua wa kulifanya neno hili kwa mbali haukuwa wa intaneti. Ulikuwa wa redio, na ulikuwa wetu. Kuanzia mwaka 2006, Wizara ya Elimu ya Zanzibar pamoja na shirika la Marekani la EDC, kwa fedha za USAID, walirusha vipindi vya watoto wa elimu ya awali na wa madarasa ya mwanzo. Vipindi viliitwa Tucheze Tujifunze, na vituo vya mitaani walikokusanyika watoto wasiopata nafasi skuli vikaitwa vituo vya TuTu. Mbinu yenyewe ilianzia Nicaragua miaka ya 1970, pale wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walipofundisha hesabu kwa redio. Siri yake ni kimya. Mwandishi wa kipindi anaandika swali, kisha anaandika sekunde za kunyamaza. Redio inauliza, inangoja, watoto wanajibu kwa sauti, wanaruka, wanahesabu kwa vidole, halafu redio inatoa jibu sahihi kana kwamba imewasikia. Redio haisikii! Lakini aliyeandika kile kimya alimwekea mtoto wa kijijini mahali pake ndani ya kipindi.

Na litazame jina. Tucheze, tujifunze. Vitenzi viwili katika dhamira ya kuhimizana, nafsi ya kwanza wingi, bila nomino hata moja. Kama ningepewa kuchagua tafsiri ya istilahi yetu kwa mtu asiyesoma majarida ya ualimu, ningempa hilo jina.

Sisi wenye kompyuta zinazosikia na kuona tumerudi nyuma ya redio ile. Skuli na vyuo vilipofungwa Machi 2020, wengi tulihamisha mihadhara yetu kama ilivyo, saa nzima ya mtu kusema, tukaiita kozi. Gharama yake inajulikana. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, wakaona kwamba uwezekano wa kufeli kwa wanafunzi wa mihadhara mitupu ulikuwa mara 1.5 ya ule wa wenzao waliojifunza kwa kutenda. Hao walikuwa ndani ya madarasa, wanaonana uso kwa uso. Mtandaoni hata ule uso wa mwalimu unaokudai jibu haupo.

Baada ya usiku ule nilikatakata video zangu. Kila kipande kina dakika chache na kinaishia kwenye kitenzi cha kuamrisha: "Simamisha hapa. Fasiri sentensi hii. Mpelekee mwenzako." Wanafunzi wamegawanyika watatu watatu, na wanadurusu kwa WhatsApp, kwa sababu bando la video linamaliza pesa na ujumbe wa sauti unapita hata mtandao ukiwa dhaifu. Alama za majaribio ya kila wiki nimezifuta. Hapo nilifuata sheria ya vitendawili: anayeshindwa hafukuzwi, anatoa mji, na kwa mji huo ananunua jibu. Anayekosea tafsiri anapata maelezo marefu kuliko aliyepatia.

Kipindi cha nne nikasema tena, "Kitendawili!" Nikanyamaza. Kidole kilikuwa kinataka kuendelea na somo, nikakizuia. Nilihesabu hadi 11. Maiki moja ya Wete ikafunguka, kuku wanalia nyuma yake, na sauti ya mwanamke ikasema, "Tega."

Nikatega: sentensi moja ya mkataba wa kukodi nyumba, ya kufasiriwa papo hapo. Akakosea. Kabla sijasema neno, mmoja wa Maskati akamwambia, "Bibie, toa mji." Akatoa Chake Chake. Mmoja wa Tanga akafungua maiki kupinga, akisema tafsiri ya dada haina kosa, kosa liko kwenye mkataba wenyewe, na honi ya boti ikalia nje bila mtu yeyote kuijali.