Sifongo wa Komoro na miamba ya Kiunga

Mwaka 1993 jopo la George Pettit wa Chuo Kikuu cha Arizona State, Marekani, lilitangaza kemikali mpya iliyopatikana kwa sifongo wa bahari ya Komoro, aina ya Axinella carteri. Ikaitwa halistatin 2. Kwa watu wa Lamu, pwani ya Kenya, Komoro si ugenini: ndiko alikotoka Habib Swaleh, mwasisi wa Msikiti wa Riyadha.

Kemikali hiyo ni ndugu wa halichondrin B, waliyoieleza Wajapani Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura mwaka 1986. Walitumia kilo 600 za sifongo, wakaambulia miligramu 12.5. Bahari gani ingetosheleza wagonjwa kwa kipimo hicho? Mwaka 1992 Yoshito Kishi wa Harvard aliiunda upya maabarani, kisha kampuni ya Eisai ikabaini kuwa kipande chake tu kinatosha kuzuia seli za saratani kugawanyika. Novemba 2010 Marekani ikaidhinisha eribulin, iliyotokana na kipande hicho, dawa ya saratani ya matiti iliyosambaa. Njia ilishafunguliwa zamani na mkemia Werner Bergmann: sifongo aliowachunguza kutoka Florida ndio waliozaa wazo la sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa mwaka 1969.

Sifongo ni mnyama asiye na meno wala miguu. Hukaa papo hapo mwambani akichuja maji, na adui akija hana pa kukimbilia. Kinga yake ni sumu, kemikali kama hizo, na mara nyingi watengenezaji wa sumu hiyo ni bakteria wanaoishi mwilini mwake.

Kaskazini mwa Lamu, Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979. Huko, msimu wa kaskazi, mkondo wa Somalia hukutana na ule wa Afrika Mashariki, na maji yenye rutuba hupanda juu. Rutuba hiyo ndiyo msingi wa chakula cha wachujaji kama sifongo.

Nani ana haki ya kuwachukua sifongo hao? Mkataba wa Bioanuwai, unaotambua haki ya kila nchi juu ya viumbe wake, ulianza kutumika tarehe 29 Desemba 1993, mwaka ule ule wa halistatin 2. Kenya ilijifunza kwa machungu ya Ziwa Bogoria: vijidudu vilichukuliwa kwenye chemchemi zake za moto mwaka 1992, vikazaa vimeng'enya vya kupausha jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai fungu lake la faida. Kanuni za mwaka 2006 za kugawana faida za viumbe zikafuata. Leo mtafiti anayetaka sifongo wa Kiunga lazima apate kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na ridhaa ya wahusika.

Lakini kibali hakizuii matope. Uchimbaji wa bandari ya Lamu ulitibua maji, na matope huziba vitundu ambavyo sifongo hupumulia na kulia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na bandari hiyo walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kabla ya gati nyingine kuchimbwa, wapigambizi na wanasayansi wa Kenya wanapaswa kushuka chini, waorodheshe sifongo waliopo, na sampuli zihifadhiwe hapa hapa nchini.